Akiba ya Umeme ni Mali ya Nani?

Katika nyumba nyingi za Tarime mjini, Sirari, Nyamongo na Mugumu kuna swali linaloulizwa mara nyingi kuliko tunavyofungua Biblia: "LUKU imebaki ngapi?" Anayeuliza huwa na haraka. Akijibiwa kwamba zimebaki uniti mbili, atatafuta pesa kwenye simu, atapokea tokeni yenye tarakimu 20, ataibonyeza, na mambo yataendelea. Kwa wengi wetu jambo hilo ni la mfukoni tu, wala halina sababu ya kufika madhabahuni.

Katika insha hii tunapenda kulifikisha huko. Hatutafanya hivyo kwa kusema tu kwamba kila kitu ni cha Bwana, maana jibu hilo tumelizoea kiasi kwamba halitusumbui tena. Tunauliza jambo jembamba zaidi. Familia inapofaulu kupunguza gharama ya umeme, kwa kuweka dari, kubadili balbu, kurekebisha nyumba au kufunga sola, ile pesa iliyobaki ni mali ya nani? Je, kubana matumizi ni fadhila kwa kuwa kunabana tu, au kuna ubanaji ambao mbele za Mungu ni dhuluma?

Tuanze na nyumba zenyewe. Babu zetu wa Kikurya, Kingoreme na Kiikoma waliishi katika nyumba za msonge, zenye kuta nene za udongo na paa la nyasi. Nyasi zilizopangwa kwa unene hushika hewa katikati yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Kwa hiyo jua la mchana halikumfikia aliyekaa ndani, na baridi ya usiku ya milima ya Tarime haikuingia kwa haraka. Kisha tukapata bati. Bati limetuondolea moto wa paa, kuvuja, na kazi ya kutafuta nyasi kila baada ya misimu kadhaa. Hatuna sababu ya kulilaumu. Lakini bati hupokea joto la jua na kulishusha moja kwa moja kichwani mwa aliye chini yake, na usiku hupoa upesi. Mzee mmoja wa kanisa alitueleza hivi: "Mchungaji, bati limetutoa aibu, ila mchana linatufukuza ndani na usiku linatuamsha."

Hapo ndipo umeme unapoingia. Upande wa Serengeti, kuelekea Natta na Robanda, mwenye uwezo hununua feni. Feni ya wati 60 ikizunguka saa nane kila siku hula zaidi ya uniti 14 kwa mwezi. Friji iliyowekwa katika chumba chenye joto hufanya kazi muda mrefu zaidi ili kupata ubaridi uleule. Kumbe nyumba yenyewe ndiyo inayokula umeme, na sisi tunalaumu mita. Mafundi wanajua dawa zake, na nyingi si za gharama kubwa: dari lenye nafasi ya hewa juu yake, liwe la jipsamu, la mbao au hata la mifuko iliyoshonwa vizuri; matundu ya kutolea hewa ya moto chini ya paa; madirisha yanayotazamana ili upepo upite; kibaraza na mti upande wa jua la alasiri; rangi nyeupe juu ya bati.

Balbu nazo zina hesabu yake. Balbu tatu za zamani za wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, hula uniti 27 kwa mwezi. Balbu tatu za LED za wati 9 kwa saa hizohizo hula uniti 4 tu. Tofauti ni uniti 23, na mwanga ni karibu uleule. Katika Yohana sura ya 6, baada ya watu kushiba, Bwana Yesu aliagiza mabaki yakusanywe ili kisipotee kitu. Aliyetoka kuzidisha mikate hakuwa na upungufu, lakini alikataa upotevu. Jambo hilo linatuhusu Watanzania wa leo. Bwawa la Julius Nyerere, lililopewa jina la mwana wa Butiama, mkoani kwetu, limejengwa kuzalisha megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza ulianza kazi Februari 2024. Wapo wanaosema kwamba sasa umeme upo mwingi, kwa hiyo mahubiri ya kuzima taa yamepitwa na wakati. Makombo yale ya Galilaya yanawajibu: wingi wa kitu hauhalalishi kukitupa.

Hadi hapa mambo ni mepesi. Ugumu unaanza tukiingia kwenye bei.

Kwa bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa nyumbani anayetumia kidogo, yaani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Akizidisha, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Akizoea kuzidisha, huhamishiwa kundi linalolipa shilingi 292 kuanzia uniti ya kwanza. Tufanye hesabu. Nyumba inayotumia uniti 98 italipa shilingi 7,500 kwa zile 75, na shilingi 8,050 kwa zile 23 za juu, jumla shilingi 15,550. Ikibadili zile balbu tatu tu, itarudi kwenye uniti 75 na kulipa shilingi 7,500. Imepunguza matumizi kwa chini ya robo, na gharama imeshuka kwa zaidi ya nusu.

Mpango huu wa bei una maana ya kimaadili ndani yake. Taifa limesema kwamba mwanga wa kusomea mtoto, wa kuchajia simu na wa kusikiliza redio usiuzwe kwa bei ileile anayolipa mwenye anasa. Ni huruma iliyoandikwa kwenye mita. Sheria ya Musa ilikuwa na jambo la namna hiyo, pale mwenye shamba alipokatazwa kuvuna hadi pembeni ili maskini na mgeni wapate chao. Na kama ilivyokuwa kwa pembe za shamba, huruma hii nayo inaweza kuchukuliwa na asiyestahili.

Fikirieni nyumba ya kupanga yenye familia tatu, kila moja ikitumia uniti 40, zote zikiwa kwenye mita moja. Kila familia kwa matumizi yake ni maskini kabisa machoni pa mpango wa bei. Lakini mita haihesabu familia, inahesabu uniti. Inaona uniti 120. Kwa kundi la chini watalipa shilingi 23,250, yaani 7,750 kila mmoja, badala ya 4,000 ambazo wangelipa kama kila mmoja angekuwa na mita yake. Wakihamishiwa kundi la juu watalipa shilingi 35,040, yaani 11,680 kila mmoja, karibu mara tatu. Watu watatu wanaostahili huruma wameikosa kwa sababu tu wanaishi chini ya paa moja lisilo lao.

Upande wa pili yupo mwenye nyumba kubwa, familia moja, ambaye ameweka mita mbili au tatu ili kila moja ibaki chini ya uniti 75. Friji iko kwenye mita hii, pasi na pampu ya maji kwenye ile. Huyu naye anasema amepunguza gharama. Hakuzima taa hata moja. Alichofanya ni kusimama kwenye foleni ya maskini mara tatu akiwa amebadili kofia. Wote wawili, yeye na yule aliyebadili balbu, wana pesa iliyobaki mkononi. Ya mmoja imetokana na kuacha upotevu, ya mwingine imetokana na kula fungu la mwenzake. Ukitazama kiasi cha pesa huwezi kuwatofautisha. Ndiyo maana tunasema kwamba akiba yenyewe haitoshi kuwa fadhila; ni lazima iulizwe ilikotoka.

Martin Luther, akieleza amri ya saba katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakuishia kusema kwamba tusichukue mali ya jirani. Aliongeza kwamba tunapaswa kumsaidia jirani aboreshe na kulinda mali yake na riziki yake. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka huohuo alikwenda mbali zaidi, akasema kwamba wezi wakubwa si wale wanaovunja makabati usiku, bali wale wanaokaa kwenye viti vyao na kuheshimiwa kama watu wema huku wakiwanyonya wengine kwa njia zinazoonekana halali. Mtu anayejua kwamba familia ya jirani inalipa mara tatu, akawa na uwezo wa kulibadilisha hilo, na asifanye, yumo katika amri hiyo.

Hapa tunawageukia wenye nyumba, na wengi wao ni washarika wetu, wengine ni wazee wa kanisa. Chumba cha bati kisicho na dari humgharimu anayekaa ndani, si aliyekijenga. Mpangaji ndiye anayelipa umeme wa feni, ndiye anayelala na joto, na ndiye mtoto wake anakohoa kwa baridi ya Julai. Mwenye nyumba haoni hasara yoyote, kwa hiyo haoni sababu ya kuweka dari. Mpangaji naye haweki, maana hajengi nyumba ya mtu. Hivyo kila mwezi pesa hupotea, na kila mmoja ana hoja nzuri ya kutofanya kitu.

Kumbukumbu la Torati 22:8 linaagiza kwamba anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari yake ya juu, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Paa za wakati ule zilikuwa tambarare na watu walikaa juu yake. Kinachotushangaza katika agizo hili ni kwamba Mungu hakumwambia mgeni awe mwangalifu. Alimwambia mwenye nyumba ajenge. Anayejenga paa anawajibika kwa yale ambayo paa lake litawatendea watu wasio na sauti katika ujenzi wake. Nabii Yeremia naye, katika sura ya 22, anamkemea mfalme anayejijengea vyumba vipana na kuvifunika kwa mierezi, huku waliomfanyia kazi wakinyimwa haki yao. Nabii hakugombana na dari zuri, aligombana na dari zuri la mtu mmoja juu ya dhuluma ya wengi. Tukileta hilo nyumbani kwetu, tunasema wazi: mwenye nyumba anayeweka jipsamu sebuleni kwake na kuwaacha wapangaji chini ya bati tupu, wakigawana mita moja, hajamaliza uwakili wake kwa kutoa fungu la kumi. Dari la chumba cha mpangaji, na mita yake mwenyewe, ni sehemu ya ibada yake. Vijijini gharama ya kuunganishiwa umeme imekuwa shilingi 27,000. Wapo wapangaji ambao kwa tofauti ya bei tuliyoihesabu hapo juu wangerudisha pesa hiyo ndani ya miezi minane au chini ya hapo.

Sasa tuseme juu ya sola, kwa sababu imekuwa habari njema ya wauzaji wengi, na habari njema inayouzwa inahitaji kupimwa. Paneli ya wati 100 katika jua la kwetu, ukiondoa mawingu na kinachopotea kwenye betri, huweza kutoa takribani uniti 12 kwa mwezi. Kwa familia inayolipa shilingi 350 kwa uniti za juu, hiyo ni akiba ya shilingi 4,200 kwa mwezi. Lakini kwa familia maskini inayolipa shilingi 100, akiba ni shilingi 1,200. Kwa mwaka mzima ni shilingi 14,400, na betri za kawaida huchoka baada ya miaka michache. Anayemshawishi mjane aliye tayari kwenye gridi, anayetumia uniti 30, akope paneli kwa ahadi kwamba itapunguza bili yake, anamdanganya. Sola inaweza kumfaa mjane huyo umeme unapokatika, na hilo ni jambo jema la kuelezwa kwa ukweli. Ahadi ya akiba ndiyo uongo. Kwa kitongoji ambacho nguzo hazijafika, hesabu ni nyingine kabisa, kwa sababu pale paneli haishindani na shilingi 100 za gridi. Inashindana na mafuta ya taa, tochi za betri, na nauli ya mtu anayepeleka simu kuchajiwa senta. Huko sola inaokoa pesa kweli, na macho, na muda.

Hivyo basi utaratibu wa busara ni huu: kwanza ziba upotevu, kisha rekebisha nyumba, kisha ndipo uulize kama sola inakufaa. Anayeanza na paneli juu ya nyumba inayovuja joto anajaza maji kwenye mtungi uliotoboka.

Kuna pia swali la mwenye uwezo anayetaka kujitoa kabisa kwenye gridi. Juu ya bei ya kila uniti kuna tozo ya asilimia 3 inayokwenda kwenye nishati vijijini, na kwa njia hiyo Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, umepata sehemu ya nguvu za kusogeza nguzo hadi vijiji vyetu. Waliokuwa na umeme Dar es Salaam na Mwanza waliwachangia wa Nyamwaga na Issenye bila kuwafahamu. Hatusemi kwamba kufunga sola ni dhambi. Jua ni zawadi ya Muumba na hakuna aliyelipiwa. Tunasema kwamba bili si hasara tupu. Ndani yake kuna kubebana. Aliyebebwa jana, leo akipata uwezo wa kujitosheleza, anadaiwa njia nyingine ya kubeba wengine.

Msomaji anaweza kutupinga kwa mfano wa wanawali kumi. Wale wenye busara walikataa kugawa mafuta yao, na Bwana hakuwalaumu. Ni kweli. Lakini mfano ule unahusu kumngojea Bwana arusi, na utayari wa moyo hauazimwi. Kwa habari ya mafuta ya nyumbani tunayo 2 Wafalme sura ya 4. Mjane aliyekuwa na deni na watoto wawili aliambiwa aazime vyombo kwa majirani wote, tena visiwe vichache. Mafuta yalitiririka hadi vyombo vilipokwisha. Muujiza ulikuwa wa Mungu, lakini kipimo chake kilikuwa idadi ya vyombo vya majirani. Vikundi vyetu vya VICOBA na vya akina mama vinafanana na vyombo hivyo. Kikundi kinachonunulia wanachama wake balbu, au kumwekea mjane dari kwa zamu, kinafanya theolojia kwa mikono.

Tumeacha la mwisho jambo ambalo kwetu ni zito kuliko yote. Katika nyumba nyingi za Mara mwanaume ndiye anayenunua LUKU, na hujivuna kwamba uniti zake zinakaa muda mrefu. Lakini chakula cha nyumba hiyo kinapikwa kwa kuni. Kuni hazionekani kwenye simu yake, kwa hiyo katika hesabu yake hazina bei. Bei yake inalipwa na mama na binti, kwa saa za kutembea, kwa mzigo kichwani, kwa moshi machoni na kifuani. Kwa walio karibu na mpaka wa hifadhi, inalipwa pia kwa hofu ya wanyama na ya kukamatwa. Bili ndogo ya namna hiyo si akiba. Ni deni lililoandikwa kwa jina la mwanamke.

Serikali imetoa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Lengo hilo halitafikiwa kwa hotuba, litafikiwa mezani, pale baba na mama wanapokaa kuhesabu. Chukueni familia inayotumia uniti 60 kwa shilingi 6,000. Ikibadili zile balbu tatu itashuka hadi uniti 37. Sufuria ya umeme ya presha huivisha maharage bila kufikia uniti moja. Tukiipa nusu uniti kila siku, kwa mwezi ni uniti 15. Jumla inakuwa uniti 52, shilingi 5,200. Maharage yamepikwa bila ukuni hata mmoja, na bili bado ni ndogo kuliko mwanzo. Sufuria yenyewe ina bei, na si kila nyumba itaimudu mwaka huu. Lakini sasa tunajua kwamba akiba ya balbu ilikuwa na mwenyewe tangu mwanzo, na mwenyewe alikuwa jikoni.

Basi swali letu lina jibu. Akiba iliyotokana na kuacha upotevu ni zawadi, na mwenye haki ya kwanza juu yake ni yule aliyekuwa akiubeba mzigo uliofichwa: mke mwenye kuni, mpangaji chini ya bati, jirani ambaye nguzo haijamfikia. Akiba iliyotokana na kumtwika mwingine ni mali yake huyo mwingine, na inapaswa kurudishwa, kama Zakayo alivyorudisha. Tunaomba mabaraza ya sharika yaanze na majengo yao wenyewe: nyumba ya mwinjilisti ina dari? Wapangaji wa vyumba vya usharika wana mita zao? Mpishi wa semina anapikia nini? Maswali hayo yakishajibiwa, ndipo tutakapokuwa na ujasiri wa kuwauliza washarika LUKU yao imebaki ngapi.